Manyoya Chini ya Majani ya Migomba

Jumatatu, 8 Machi 1954

Memsahib ameondoka leo kwenda Nairobi kumwuguza dada yake. Nyumba amemwachia Bwana, jiko amemwachia Kiplangat mpishi, na mimi ameniachia mazulia matatu.

Nimeamua kuandika, na nitaandika kwa Kiswahili, wala si kwa Kikuyu. Mwaka huu karatasi ya Kikuyu ikikamatwa mkononi mwa Mkikuyu, askari hangoji kuuliza imeandikwa nini. Kiswahili kila askari anakisoma. Akikikuta kitabu hiki atasoma habari za sufu na nondo, atachoka, na ataenda zake.

Basi habari za sufu ni hizi. Mazulia haya si ya ngozi, ingawa kila anayeyaona hudhani ni ngozi. Memsahib huchukua manyoya ya kondoo mmoja mzima kama yalivyonyolewa, huyatandaza mezani, kisha upande wa nyuma huusugua kwa maji moto na sabuni mpaka sufu inashikana na kuwa nzito kama blanketi la jeshi. Upande wa mbele huuacha na manyoya yake marefu. Ukiliona sakafuni utasema ni kondoo amelala. Yote matatu nimeyasugua pamoja naye, la kwanza nikiwa na mimba ya Wangui wangu.

Masharti aliyoniachia ninayajua, lakini ameyarudia akiwa amekwisha panda gari. "Wachuka, maji hapana. Jua kali hapana. Karibu na moto hapana kabisa." Niyakung'ute nje nikiyashika kwa mikono yote miwili, si kwa pembe moja, maana yatavutika. Nichanue manyoya kwa vidole. Niyageuze, nipekue nyuma kama kuna mayai ya nondo, nibadilishe vipande vya mwerezi vilivyo chini yake.

Si kazi ngumu, lakini nimeyapekua mara mbili tangu gari lilipopotea barabarani. Mwaka jana, Wakikuyu wa shamba hili walipopakiwa kwenye malori, Bwana alitaka na mimi niende. Memsahib alisema, "Wachuka anabaki. Nani mwingine atatunza mazulia yangu?" Mume wangu Mburu alikuwa amekwisha chukuliwa kizuizini, na hakuna aliyeuliza swali kama hilo juu yake. Mimi na mtoto tumebaki hapa Subukia kwa ajili ya sufu. Sufu ikiharibika, ni lori, halafu kambi ya kuchujwa, kuhojiwa habari za kiapo, na baada ya hapo sijui ni wapi. Wanasema tutarudishwa kwetu. Mimi nimezaliwa hapa.

Jumatano, 10 Machi

Nimekung'uta. Hakuna nondo. Bwana amekula chakula cha mchana na bastola kando ya sahani, kama chupa ya chumvi.

Jumapili, 14 Machi

Hakuna kwenda kanisani, mikutano imekatazwa. Wangui anakohoa.

Ijumaa, 19 Machi

Mvua ya kwanza. Watu wa kambi ya vibarua wametoka nje kuishangilia, nami nimekimbilia chumba cha wageni kutazama dari. Mvua ni neema kwa mwenye shamba. Kwa mwenye mazulia ni unyevu, na unyevu ni nondo.

Jumanne, 23 Machi

Mvua. Nimefungua madirisha, nimefunga madirisha.

Jumamosi, 27 Machi

Nimekaa kibarazani pa Wangeci tukimenya viazi. Huyu ni mjane jirani yangu pale kambini, huosha madebe ya maziwa, na Wangui humwita cucu, yaani bibi. Sikio lake la kushoto halisikii, kwa hiyo ukitaka kumwambia siri unazunguka upande wa pili. Leo amenieleza sikio lilivyokufa. Mara ya kwanza alipochujwa, aliwekwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Gunia lilitikisa kichwa, maana yake huyu amekula kiapo cha watu wa msituni. Wangeci akakana. Akapigwa. Akakana tena, akapigwa tena, ndipo sikio likaenda.

"Na mara ya pili?" nikamwuliza.

"Mara ya pili nikasema ndiyo, nimekula. Wakaniuliza wapi, nikawatajia mahali. Wakanipa chai na mkate, wakanirudisha hapa na kipande kipya cha kitambulisho."

"Na ulikuwa umekula kweli?"

Akacheka. "Wee Wachuka, hiyo ni swali ya mzungu."

Na mimi je? Hilo si jambo la kuandikwa, kwa lugha yoyote.

Ijumaa, 2 Aprili

Mvua. Kiplangat amesema Bwana amemwuliza kama mimi hutoka nyumbani na chakula. "Nikamwambia sijaona," alisema, kisha akaongeza, "Mimi simo katika mambo yenu, Mama Wangui." Ni Mkipsigis, si Mkikuyu, hana la kuogopa, na ndiyo sababu mimi namwogopa. Nani ajuaye anayoyasema mezani akipeleka kahawa?

Jumanne, 13 Aprili

Lililonitisha mwezi mzima limetokea.

Nimeingia chumba cha wageni asubuhi nikasikia harufu kabla ya kuona. Bati limetoboka juu ya dari. Maji yamepita darini kwenye mavi ya popo, yakadondoka usiku kucha juu ya zulia jeupe, lile kubwa, analolipenda Memsahib kuliko yote. Katikati kuna doa la rangi ya chai, pana kama sinia, na linanuka. Nimelifunua, nikakuta maji yamefika nyuma.

Nimekaa sakafuni nikalia. Halafu nikaona aibu kulilia zulia wakati Mburu hajulikani kama amekula, nikalia zaidi.

Nikimwambia Bwana, atasema mkono wa Mkikuyu ndio uliofanya. Wiki jana kunguru alivunja kioo cha jikoni akasema hivyo hivyo. Nikiliacha, litaoza, na manyoya yatang'oka kwa mafungu. Nikiliosha, nimevunja neno la Memsahib. Sina njia ya nne.

Jumatano, 14 Aprili

Nimelikausha doa kwa mataulo. Harufu haitoki. Leo nimeona nondo mmoja dirishani, mdogo, wa rangi ya majani makavu, nikamwua kwa kiatu kwa hasira ambayo hakustahili.

Ijumaa Kuu, 16 Aprili

Bwana anakwenda kwa rafiki zake Gilgil kesho, atarudi Jumanne. Nimemzunguka Wangeci upande wa sikio zima nikamwambia. Hakuuliza mara mbili. "Tutaosha," akasema.

Jumamosi, 17 Aprili

Tumeosha. Kiplangat alituona tukilibeba zulia kupita nyuma ya jiko, akageuza uso akaanza kupangusa sufuria safi. Sijui kugeuza uso kwake ni kwema au ni kubaya.

Tulikwenda kwenye banda la zamani la kunyolea kondoo, kule chini kwenye migomba, mahali ambapo hakuna mtu anayekwenda siku hizi. Tulijaza maji ya mvua katika hodhi la bati. Maji baridi, na ya kusuuza nayo yawe baridi vilevile, maana ukilitoa kwenye vuguvugu ukalitia kwenye baridi, sufu inashtuka na kujikunja. Sabuni nilikata nyembamba nikaiyeyusha kwanza. Hatukusugua. Ukisugua manyoya ya mbele yanashikana kama ya nyuma, na hapo una blanketi, huna zulia. Tulipiga magoti, mmoja upande huu mmoja upande ule, tukalikandamiza kwa viganja na kuliachia, tukalikandamiza na kuliachia. Wangeci alianza kuimba kwa sauti ya chini nikamwambia anyamaze.

Maji yalitoka mekundu kwa vumbi la udongo wetu. Mara ya tatu yakatoka meupe. Doa limekwenda! Niliushika mkono wa Wangeci nikaubusu, ukiwa na povu.

Likilowa haliwezi kutundikwa, litavutika kwa uzito wake. Tulilikunja ndani ya shuka kavu, tukalikanyaga maji yatoke, kisha tukalilaza juu ya uchaga wa fito, hewa ipite chini. Lakini banda lenyewe linavuja. Turubai Bwana amefunikia mbegu. Basi tukachukua fito mbichi za mianzi, tukazipinda juu ya uchaga ili kifuniko kisiguse manyoya, tukazifunika kwa majani ya migomba, kama mama yangu alivyofunika kila kitu duniani, kuanzia uji mpaka mtoto. Maji yanateleza juu yake vizuri sana.

Nimerudi nyumbani na furaha. Nimesogeza kitanda cha wageni mahali zulia lilipokuwa.

Jumanne, 20 Aprili

Bwana amerudi. Hajaingia chumba cha wageni. Zulia bado limelowa kwa ndani.

Jumatano, 21 Aprili

Mvua. Limelowa.

Alhamisi, 22 Aprili

Mvua tena. Nimelichanua kwa vidole, manyoya ya juu yamekauka na yananukia vizuri. Siku mbili za upepo tu, ee Mungu, siombi jua.

Jumatano, 28 Aprili

Nitaandika yote.

Ijumaa iliyopita mchana nilikuwa bandani na Wangeci tukiligeuza zulia. Tulisikia mbwa, halafu buti. Alikuwa kijana wa jirani, mtoto wa wazungu wa shamba la juu, ambaye siku hizi ni polisi wa akiba, pamoja na askari wawili. Walikuwa wakifuata nyayo zetu kwenye matope. Nyayo za wanawake wawili, kila siku, kuelekea mahali pasipo na kazi.

Alisimama mlangoni akitazama ndani. Nikafuata macho yake, na ndipo nilipoliona banda kama alivyoliona yeye. Tao la fito mbichi lililofunikwa kwa majani ya migomba. Chini yake, kitu cha kondoo, chenye manyoya. Hodhi lenye maji mekundu ya matope chini. Wanawake wawili wa Kikuyu wamepiga magoti. Kila mtu katika nchi hii, hata asiyewahi kuliona, ameambiwa kwamba watu hupita chini ya tao la namna hiyo wakilishwa kiapo. Nilikuwa nimelijenga kwa mikono yangu, na kwa muda wa wiki nzima nilikuwa nikiona kifuniko cha mvua tu!

"Hii nini?" akauliza.

"Zulia ya Memsahib, Bwana. Naanika."

"Nani naanika ngozi chini ya ndizi?"

"Si ngozi, Bwana. Tafadhali lifunue nyuma uone."

Hakulifunua. Alilisukuma kwa mtutu wa bunduki likaanguka matopeni, na mimi, mjinga mimi, nikapiga kelele kama aliyesukuma mtoto. Hapo ndipo aliponitazama vizuri.

Walimchukua Wangeci kwanza, kwenye chumba cha matandiko ya farasi. Mimi walinifungia ghala la sufu. Sikusikia kipigo wala kilio. Baada ya muda kijana alikuja na karatasi yenye alama ya dole gumba.

"Rafiki yako nasema yote. Wewe nalisha watu kiapo. Yeye nakula hapa, mbele yako."

Nilidhani anadanganya. Lakini akanisomea, na mlikuwa na mambo ambayo yeye asingeyajua: kwamba mimi ndiye niliyemwita, kwamba nilimwambia aje Bwana akiwa hayupo, kwamba nilimnyamazisha alipoimba. Yote ni kweli, na yote yamegeuzwa. Nikamweleza habari za bati, popo, sabuni, maji baridi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyocheka. Bwana alikuja akasimama nyuma yake na bastola yake. "Mimi nilisema tangu mwanzo," akasema, basi.

Lori lilipaswa kuja Jumamosi. Halikuja. Malori yote yameitwa Nairobi, ambako wanakusanya kila Mkikuyu mtaa kwa mtaa. Nilikaa katika ghala lile juu ya magunia ya sufu nikisikiliza kila injini inayopita barabarani. Niliogopa kwa namna ambayo sikuijua. Nilimwogopea Wangui, nikajiuliza atalala wapi, nani atamfunga kifua. Na katikati ya hofu nilimchukia Wangeci. Nilimchukia kwa nguvu hata ikawa nafuu, maana nilipokuwa nikimchukia sikuwa nikisikiliza injini. Mwanamke niliyembusu mkono! Nilimtakia sikio la pili nalo life, Mungu anisamehe.

Kiplangat ndiye aliyeleta chakula. Siku ya kwanza aliweka sahani akaondoka, nikajua ni yeye aliyetusaliti. Siku ya pili alimnyanyua Wangui mpaka dirishani nikamgusa vidole. Siku ya tatu akanong'ona, "Nimemwambia Mhindi wa duka Subukia apige simu Nairobi. Nimesema mazulia ya Memsahib yako hatarini. Ningesema ni wewe, pengine asingeharakisha." Mtu huyu nimemhesabu adui tangu Machi. Hata asante sikumpa.

Memsahib alifika jana. Gari lake lilikuwa limepasuka kioo cha upande na uso wake haukuwa na rangi. Hakuingia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja bandani, Bwana na yule kijana wakimfuata, nami askari akanitoa nikashuhudie. Alipiga magoti matopeni, akalifungua zulia, akaingiza mkono kwenye manyoya mpaka kwenye kifundo cha mkono, akalinusa. Akaligeuza nyuma akapitisha kidole. Aliona. Yeye ndiye mtu pekee duniani ambaye angeona kwamba limelowa lote na likarudi salama. Nilisubiri aseme, maji hapana.

"Mimi nilimwambia aoshe," akasema kwa Kiswahili ili askari wasikie. "Nilimwambia atumie banda hili. Majani ya ndizi pia mimi nilisema."

Bwana akamtazama. Anajua kabisa kwamba si kweli, maana alikuwa amesimama kando ya gari Memsahib alipokuwa akinipa masharti.

"Lakini yule mwingine amekubali," kijana akasema.

"Yule mwingine si mtu wa nyumba yangu."

Nimelala kwangu na Wangui kifuani. Mtoto ananuka moshi wa jikoni, ni harufu tamu kuliko zote. Kuhusu Wangeci sikufungua mdomo. Nilisema moyoni, alijitafutia.

Alhamisi, 29 Aprili

Lori limekuja leo saa za kukamua.

Nilikwenda kutazama. Nitasema ukweli, nilikwenda nimtazame kwa macho ya hasira ili aondoke akijua. Walimtoa chumba cha matandiko akiwa na shuka yake na kibuyu. Aliponiona uso wake ulichangamka, kisha akapigwa na mshangao, akatazama mikono yangu kama anayetafuta pingu.

"Wewe huendi?" akauliza.

"Siendi. Memsahib amenitetea."

"Kumbe." Akapanda, askari akimsukuma. Kutoka juu akainama, akanigeuzia sikio zima, kama vile mimi ndiye mwenye la kusema, lakini ni yeye aliyesema. "Wakikuuliza tena usikane, Wachuka. Nilikutaja ili tukubali wote wawili mara moja, wasianze kukupiga. Una kifua cha mtoto cha kuangalia. Ukikubali wanatoa chai, wanakurudisha. Mimi nitarudi kabla viazi havijachimbwa."

Hakuelewa bado! Alikuwa ametia dole gumba kwenye karatasi kama mtu anayemfunika mwenziwe mvua. Hajui kwamba mara ile kukubali kulimpa chai na mkate, lakini kukubali mwaka huu, hapa, mbele ya tao, wakati mwenzake wa kambi ameachiliwa kwa kuwa hapakuwa na kiapo, ni kusema kwamba kiapo alikula mahali pengine ambapo hataki kupataja. Kijana yule aliniambia jana kwa raha: mmoja wenu amedanganya serikali, na si wewe.

Nilikimbia. Injini ilikuwa bado inanguruma, dereva alikuwa akiongeza maji. Nilimkuta Memsahib chumba cha wageni akilichanua zulia jeupe.

"Memsahib, Wangeci hakula kitu. Alisema kwa hofu. Tafadhali, waambie yeye pia ulimtuma."

Hakuacha kuchanua. "Mimi nimesema uongo moja, Wachuka. Bwana amekasirika sana kwa hiyo moja. Nikisema ya pili watarudi kuangalia ile ya kwanza." Halafu akanitazama, na macho yake yalikuwa mekundu. "Unataka watarudi kuangalia?"

Nilimfikiria Wangui. Nilifikiria ghala lile na injini zinazopita. Kungekuwa na mwanamke mwingine mahali pangu, labda angesema ndiyo, warudi.

"Hapana, Memsahib."

Lori likatia gia. Tulilisikia wote wawili likipanda mlima kuelekea Kabazi, likipungua, mpaka ikabaki mvua juu ya bati.

"Asante, Memsahib," nikasema. Nimekaa hapa tangu wakati huo nikijaribu kuandika kwamba niliisema kwa adabu tu, kama tunavyosema kila siku. Haiandikiki. Niliisema kwa moyo wangu wote.